Mche Ukishashika

Wangari Maathai alipofariki Nairobi, Septemba 25, 2011, rambirambi nyingi zilimtaja kwa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004, na kwa ubishi wake mbele ya wakubwa. Anastahili yote hayo. Mimi lakini huvutiwa zaidi na kanuni moja ya malipo aliyoiweka katika Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti: mama mwenye kitalu hakulipwa kwa miche aliyoiotesha, wala kwa ile aliyoigawa kijijini. Alilipwa kwa ile iliyoshika baada ya kutoka kitaluni, na watu walitumwa kwenda kuihesabu shambani. Malipo yenyewe yalikuwa kama senti nne za dola kwa mche. Hayangemtajirisha mtu.

Hiyo ni kanuni ya mtu anayeijua kazi. Kutia mti shimoni ni jambo la dakika mbili; waheshimiwa wetu hulifanya kila mwaka wakiwa na suti, huku wameshikiwa ndoo ya maji. Kazi iko kabla na baada ya hapo.

Chukua mbegu ya mgunga. Ganda lake ni gumu, hivyo humwagiwa maji ya moto na kuachwa humo hadi kesho yake ndipo ipandwe kwenye tuta. Udongo wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, nao una mambo yake: wa juu kutoka msituni, mchanga kidogo, samadi iliyooza hasa, vyote vikapita kwenye chekecheo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mche ukishatoa majani yake ya kwanza, huhamishiwa kwenye kiriba, na hapo ndipo mkono mzoefu unapojulikana. Mzoefu hushika jani. Jani likichanika litaota lingine, ila shina changa likibonywa mche umekwenda. Kwa kijiti hutoboa shimo refu la kutosha, akaushusha mzizi wima. Ukipinda hapo, hakuna atakayeona kosa: mche utashika, utapendeza, na miaka mingi baadaye upepo utauangusha mti mzima, na aliyeupindisha atakuwa ameshasahau siku hiyo. Kisha kuna kuinua viriba kila baada ya muda na kukata mizizi iliyotoboa chini, la sivyo mche utajikita palepale kitaluni na kung'oka kwa majeraha. Mvua zikikaribia, kivuli hupunguzwa na maji nayo hupunguzwa kidogo kidogo, mche uanze kuizoea shida inayoungoja.

Mwanzoni mwa vuguvugu hilo, maofisa wa misitu waliitwa wawafundishe kina mama. Wakaja na maelezo ya vipimo vya matuta na mwinuko wa ardhi, ya kitaalamu mno. Profesa Maathai, aliyekuwa na shahada ya uzamivu tangu 1971 na angeweza kuwaunga mkono wenye vyeti wenzake, aliwaambia wanawake watumie akili waliyotumia kupanda mahindi na maharage miaka yote. Wakatumia vyungu vilivyovunjika na makopo yaliyotobolewa, wakavipandisha juu mbuzi na kuku wasivifikie. Walitazama ni mbegu gani zimejiotea zenyewe porini, wakaziiga. Waliofaulu wakawafundisha majirani. Kufikia mwaka wa Nobel, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Maathai mwenyewe alikuwa ameonja upande wa pili, wa miti isiyoshika. Juni 5, 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea kwa maandamano hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kuwaenzi mashujaa waliotangulia, Mekatilili wa Menza na Wangu wa Makeri wakiwamo. Hotuba zilikuwepo, watu walikuwepo. Mingi ya miti ile haikudumu. Sijui shughuli ya kupanda miti ambayo haingefaidika kwa kusomewa habari hiyo kabla ya jembe la kwanza.

Wosia wake nao ulikuwa wa kitaluni: asizikwe kwa jeneza la mbao. Wakamtengenezea la mianzi na mafunjo, na pamoja nayo magugu maji, yaleyale yanayowakosesha usingizi wavuvi wa Ziwa Victoria.