Uso Laini, Ubavu Imara

Asubuhi ya Julai mjini Sumbawanga, bonyeza kwa kucha tairi ya pikipiki iliyolala nje. Mpira ni mgumu, kucha inateleza. Shuka na pikipiki hiyohiyo hadi Muze, bondeni Rukwa, saa nane mchana, ubonyeze tena: kucha inaacha alama. Hakuna aliyepaka dawa, ni joto tu. Ninaanzia hapo kwa sababu mafundi wa gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, wanahangaika na jambo hilohilo: uso wa tairi ulainike ili ung'ang'anie lami, huku ubavu ukibaki imara.

Kwenye gari la kawaida ubavu ukilegea kidogo, springi na shokapu husaidia. Gokati haina springi wala shokapu. Hata difu haina: magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja. Kwenye kona gurudumu la ndani lina njia fupi kuliko la nje, kwa hiyo lazima linyanyuke kidogo, la sivyo kigari kinakataa kukata kona na injini inaelemewa. Kinachosaidia kulinyanyua ni fremu inayojipinda, ikiegemea ubavu wa tairi za upande wa nje. Ubavu ukiwa teketeke, dereva anazungusha usukani, tairi inalala kwanza, ndipo kona ianze. Amekwisha kuchelewa.

Mpira wa tairi ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja kwa salfa, kazi ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844. Katikati ya minyororo hiyo kiwanda huweka mafuta ili iweze kuteleza. Kila tairi inapopata moto mbioni na kupoa, mafuta hupungua na vifungo huongezeka, mpaka uso unakuwa kama soli ya kiatu kilichosahaulika juani. Anayelainisha tairi hurudisha mafuta hayo kwa kuyachanganya na kiyeyushi. Kiyeyushi huvimbisha mpira na kufungua njia, mafuta huingia, kisha kiyeyushi hupaa. Ukipaka kiyeyushi peke yake unajidanganya, maana kikipaa mpira hurudi mgumu, pengine kuliko mwanzo, kwa kuwa kimeondoka na sehemu ya mafuta yaliyokuwamo.

Ufundi wenyewe uko katika kuizuia dawa hiyo ya kulainisha isifike ilipo nguvu ya ubavu. Nguvu hiyo kwa sehemu kubwa haitoki kwenye mpira. Inatoka kwenye nyuzi zilizopishana kimshazari, na kwenye upepo uliojazwa. Mpira unazishika nyuzi zisiachane. Dawa ikifika hapo, mshiko huachia na tairi huota uvimbe. Ndiyo maana tairi hufungwa kwenye rimu, hujazwa upepo na kuzungushwa polepole huku brashi ikipita usoni tu, mabega yakiachwa makavu. Ikizunguka, dawa haipati nafasi ya kuchuruzika kwenda ubavuni.

Kisha kuna muda, na hapa wengi huharibu. Kimiminika hakizami ndani ya mpira kwa mwendo ulio sawa: ukitaka kina maradufu, subiri mara nne. Kama saa moja imelainisha milimita moja, milimita mbili zitataka saa nne. Fundi makini hupaka kidogo, hufuta, hupima kwa kipimo cha ugumu cha Shore, na akifikia namba anayoitaka huacha. Mwenye pupa huiacha tairi ndani ya nailoni usiku kucha, na dawa huendelea kuzifuata nyuzi.

Lakini FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, hairuhusu tairi za gokati kupakwa kemikali, na tolueni inayotumika kama kiyeyushi hudhuru mishipa ya fahamu. Naona katazo hilo ni la haki, kwani kuna njia safi. Ya kwanza ni ya kiwandani. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva walichagua kati ya tairi laini na ngumu zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo.

Ya pili ni upepo. Chukua tairi ya gokati yenye psi 12 hapa Sumbawanga, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ishushe hadi karibu na Ziwa Rukwa, kama mita 800. Hewa ya nje kule ni nzito zaidi, kwa hiyo geji itasoma psi moja na nusu pungufu, bila tundu lolote. Hewa ya ndani ikipata joto la nyuzi 12 zaidi, psi moja hivi itarudi. Kwa lori la mahindi hiyo si kitu. Kwa gokati, nusu psi hubadilisha ubavu na mwendo wa kona, basi geji ipimwe palepale pa kukimbilia, si nyumbani.

Wako waoshaji wa magari wanaopaka dizeli ubavuni ili tairi ing'ae. Hiyo ni dawa ya aina ileile, imepakwa mahali pasipotakiwa kabisa. Wakatazeni kabla hamjateremka Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni Rukwa.