Kwenye mabishano ana dini, kwenye matanga hana

Ndugu zangu wasomi, na ninyi wanafunzi mnaosoma haya kati ya kozi mbili, leo nataka kukosoa sentensi moja. Ni fupi, inapendwa, na inafunga mtu mdomo haraka: "Kutoamini Mungu nayo ni dini." Nimeisikia kwenye auditoriumu, nimeisikia mahubirini, nimeisikia kwa wenzangu wenye lisansi kama mimi. Tena nimeisema mwenyewe. Acha nianze na siku ile.

Tulikuwa kwenye matanga hapa Mutwanga. Baba ya rafiki yangu, tuliyesoma naye tangu sekondari, alikuwa amefariki. Rafiki ni mtoto wa kwanza. Jioni, watu wakiwa kwenye mabenchi chini ya shitingi, katekista akamuomba mtoto wa kwanza aongoze sala. Rafiki akajibu kwa upole kwamba hataweza, kwa sababu yeye haamini. Kimya kikaingia. Mimi, labda nikitaka kumwokoa, labda nikitaka tu kuonekana nimesoma, nikasema: "Musimushangae. Na yeye iko na dini yake, ile ya kusema Mungu haiko." Watu wakacheka kidogo, mambo yakapita.

Kisha saa moja akaomba dakika tano aseme neno juu ya baba yake. Bila sala, maneno tu ya mtoto. Baba yake mdogo akamjibu: "Mwanangu, wewe hauna dini. Wacha wenye dini waseme." Akaketi. Hata siku ya kuzika hakusema kitu.

Mtu mmoja, usiku mmoja. Tulipotaka kumshinda, alikuwa na dini. Alipohitaji nafasi, hakuwa nayo. Mimi ni Mkatoliki, naenda misa, na siandiki haya ili kumtoa mtu parokiani. Naandika kwa sababu sentensi niliyoitoa ilimuumiza mtu, na nilipoichunguza nikaona haisimami vizuri.

Tuanze na lugha yetu. Kuna tofauti kati ya "siamini kwamba Mungu yuko" na "naamini kwamba Mungu hayuko". Wa kwanza anakwambia hajashawishika. Wa pili anatoa hoja yake mwenyewe, na anayetoa hoja anadaiwa sababu. Sisi tunawaweka wote katika kapu moja. Hata neno la vitabuni, ukanamungu, limeshatoa hukumu: kukana ni kama Petro alivyomkana Yesu, yaani kukataa kitu unachokijua. Asiyeshawishika hajakana kitu.

Mtu wa Beni au Butembo hahitaji profesa wa falsafa kuelewa tofauti hiyo. Tuliiishi wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Kulikuwa na aliyesema, "Bado sijaelewa huu ugonjwa ni nini," lakini akanawa mikono na kungoja aone. Kulikuwa na mwingine aliyesema, "Ebola haiko, ni biashara." Huyu wa pili hakuwa mtu asiyeamini. Alikuwa na imani nzima: alijua nani alileta, nani anakula pesa, kwa nini sisi. Na ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200. Kwa hiyo nakubali: kusema "haiko" kunaweza kuwa imani, tena imani nzito. Lakini kusema "sijaona" si imani.

Sasa, imani ni kitu kimoja na dini ni kingine. Naamini mvua itanyesha wiki hii; sina kanisa la mvua. Dini ina ibada, ina wakubwa wake, ina nyimbo, ina namna ya kuoa na ya kuzika. Wazee wetu walikuwa na Nyamuhanga na njia za kumuomba, na hiyo ilikuwa dini hata kabla ya mmisionari wa kwanza. Rafiki yangu hana hata kimoja cha hivyo. Ndiyo maana usiku ule alikuwa peke yake.

Waliosoma agronomia watanielewa haraka. Ukijaribu mbolea kwenye mahindi, unagawa shamba vipande: kimoja samadi, kingine mbolea ya dukani, kingine vyote viwili. Na kimoja unakiacha bila kitu. Hicho tunakiita shahidi, na kwenye jedwali tunakiandika T0. Katika hesabu, T0 inapewa safu yake sawa na vingine. Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia mwalimu kwamba kutoweka mbolea ni aina ya mbolea. Angerudishwa mwaka.

Ndivyo inavyokuwa kwenye fomu zetu. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, kwenye jedwali la dini, kuna safu ya wasio na dini na wasioamini Mungu, wote pamoja: watu karibu 755,000. Wana safu, lakini safu haiwafanyi kuwa dini. Tena hata hapo wamechanganywa, kwa sababu kuna wasio na dini wanaomuomba Mungu kila usiku. Kwetu sensa ya mwisho ni ya mwaka 1984, basi hata safu hatuna.

Lakini mfano wangu una mpaka wake, nikiri mapema. Kipande cha T0 hakina mbolea, ila kina udongo. Rafiki yangu amelelewa parokiani. Nyimbo za misa anazijua kunipita mimi, na anapokataa rushwa anatumia maneno ya katekisimu. Wengi wanaosema hawaamini wamesimama kwenye udongo uliolimwa na dini. Wanaojidai wametoka bure kabisa, kwa akili zao tu, nao wanatudanganya.

Na kuna wanaofanya kutoamini kuwe kama dini kweli. Chama cha wasioamini Mungu cha Kenya, kinachoongozwa na Harrison Mumia, kina uongozi na wanachama. Mwezi wa tano mwaka 2021 chama kilitangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu. Watu walicheka Afrika nzima. Mimi niliona jambo lingine: alijiuzulu kwa adabu, chama kikamtakia heri, kikatafuta katibu mpya. Ni makanisa yetu mangapi yanamwachia mtu aondoke hivyo?

Karibu zaidi, upande wa pili wa Ruwenzori, kwa ndugu zetu Bakonzo wa Kasese, Bwambale Robert Musubaho alianzisha mwaka 2011 shule ya msingi ya wahumanisti, yaani watu wanaotafuta maadili bila kupitia kwa Mungu. Kaulimbiu yake inasema kwamba kwa sayansi tunaweza kuendelea. Shule, kaulimbiu, jumuiya: mtu atasema, si unaona, dini tu! Hapana. Ushirika wa wakulima wa kakao una mikutano, wimbo na mwenyekiti, na hatuuiti kanisa. Watu wakikosa parokia watatafuta pa kukutana. Hiyo ni haja ya binadamu.

Tukitaka kuona dini bila Mungu, tuwaulize wazee juu ya Zaïre. Chama cha MPR kilisema kila Mzaïre ni mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Televisheni ilifungua habari kwa uso wa Mobutu ukitokea mawinguni, na watu walimchezea na kumwimbia. Wengi wa wachezaji hao walikuwa Wakristo waliobatizwa. Basi kinachofanya dini ni kuabudu. Anayeabudu anaweza kuwa na Mungu mdomoni au asiwe naye.

Nafika kwenye kosa kubwa la sentensi yetu. Tunaitumia upande mmoja tu. Kama kutoamini ni dini, basi tukipe heshima ya dini. Chama kile cha Kenya kiliandikishwa rasmi Februari 2016. Kufika Aprili mwaka huohuo, uandikishaji ulisimamishwa kwa sababu eti unaweza kuharibu amani ya umma. Kenya ina maelfu ya makanisa yaliyoandikishwa. Hapo hakuna mchungaji aliyesimama kusema: "Waacheni, nayo ni dini kama yetu." Sentensi ilipotea siku ilipohitajika. Chama kiko hadi leo, lakini si kwa msaada wake.

Kwetu sheria iko wazi kuliko sisi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha kwanza, inasema dola letu halifungamani na dini. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Soma vizuri: mawazo na dhamiri vimetajwa pembeni ya dini. Maana yake rafiki yangu hahitaji kuitwa mwenye dini ili apate haki. Ni kweli, katiba hiyohiyo inataja Mungu kwenye utangulizi, na Rais anaapa mbele ya Mungu na taifa. Sijui rafiki yangu akichaguliwa ataapaje. Lakini mtoto kusema neno kwenye matanga ya baba yake hakuhitaji hata katiba.

Najua mtakachonijibu. Mtasema hapa kwetu, na vita hivi, na watu wanaokatwa shambani kwenye kakao yao, sala ndiyo imetushika tusianguke. Nakubali, nami imenishika. Ila wanaotuua Beni nao wanaua wakitaja dini, na rafiki yangu aliyekimbia usiku mmoja na mimi, njia moja, godoro kichwani, hakukimbia polepole kwa sababu haamini. Tulilala shule moja, tukala sufuria moja. Asubuhi nilisali, yeye akaenda kuchota maji yetu wawili.

Misa ya kumbukumbu ya baba yake inakuja. Nimeenda kwa baba yake mdogo, nikamuomba msamaha kwa maneno yangu ya usiku ule, nikamuomba pia ampe kijana zile dakika tano, nyumbani, kabla hatujaenda kanisani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema atafikiri. Bado nangoja.