Wanaosoma Mti Chini ya Rangi

Kinyago kikishapigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu, kila mti unaweza kuitwa mpingo. Hapo ndipo kazi ya watambuzi wa mbao inapoanza, wawe mafundi wakongwe wa Mwenge, Dar es Salaam, au wataalamu wa maabara ya misitu.

Kukikata hawaruhusiwi. Wanakigeuza, wanatafuta kitako, mahali ambapo mchongaji hakujisumbua kung'arisha, kisha wanakwangua kidogo kwa wembe mkali. Wembe butu huziba vinyweleo vya mti, na kazi imeharibika. Wanalowesha, wanaweka lenzi ya kukuza mara 10. Vinyweleo vimekaa kimoja kimoja au vimeshikana? Unga unaokwanguliwa nao una habari: wa mpingo ni hudhurungi nzito inayoelekea zambarau, ilhali mti mweupe uliopakwa rangi unaumbuka papo hapo. Muhugu, mti mwingine wa vinyago, hujitaja kwa harufu. Mpingo huzama majini, lakini nani atakubali kinyago chake kitumbukizwe kwenye ndoo?

Tangu 2017 jenasi nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo kwenye orodha za biashara inayodhibitiwa za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo neno la mtambuzi linaweza kuzuia au kupitisha mzigo bandarini. Na lenzi ina mpaka wake: mara nyingi humpa jenasi tu, si spishi. Mtambuzi wa kweli huandika hivyo hivyo, habahatishi, hata mwenye mzigo akinuna.