Bahari ya Kati Haikaushwi kwa Miaka 15

Riwaya ya Philip K. Dick, The Man in the High Castle (1962), inauliza swali ambalo wapenzi wa historia hawalichoki: ingekuwaje kama Ujerumani na Japani zingeshinda Vita vya Pili vya Dunia? Dick anaanzia kwa Giuseppe Zangara, aliyemfyatulia Roosevelt risasi Miami mwaka 1933 akamkosa. Katika riwaya Roosevelt anauawa, Marekani inadhoofika, na vita vinaisha 1947.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Shida inaanza kwenye sayansi. Kufikia 1962 Wanazi wameshaikausha Bahari ya Kati kwa nguvu za atomu, wakaigeuza mashamba. Haya, tupige hesabu.

Kina chake cha wastani ni kama mita 1,500. Ukiziba mlango wa Gibraltar ukaliachia jua kazi, maji yatapungua chini ya mita moja kwa mwaka, kwa sababu mvua na mito hurudisha sehemu ya yanayopotea. Miaka 15 hainyonyi hata mita 15. Ukitumia pampu je? Kuyainua maji yote hadi usawa wa juu kunahitaji nishati ambayo dunia nzima ya leo inaitumia kwa zaidi ya miaka 40! Na ukifika chini hukuti shamba, unakuta chumvi. Bahari hii iliwahi kukauka kwa sehemu kubwa zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, na matabaka mazito ya chumvi yapo mpaka leo.

Utasema, "Si hadithi tu? Mwache." Hapana. Dick anawachora Wanazi kama vichaa, sawa, ila anawaachia sifa moja: kwamba sayansi yao inaweza chochote. Ukweli ni kwamba sheria ya Aprili 1933 iliwafukuza wanasayansi Wayahudi vyuoni. Max Born na Hans Bethe waliondoka. Frisch na Peierls, walioonyesha mwaka 1940 huko Birmingham kwamba bomu la atomu linawezekana, nao walikuwa wakimbizi. Udikteta ulijikata mkono wenyewe.

Tena riwaya inasema Wanazi wameangamiza watu wa Afrika, lakini hakuna mhusika mkuu hata mmoja anayetoka huku. Bahari inakaushwa, bara linafutwa, na yote mawili yanapita kama habari za mbali. La kwanza haliwezekani. La pili, kwa utawala ule, lingewezekana kabisa, na ndilo lilistahili kurasa zaidi.

Isomeni, ni riwaya nzuri. Ila kaeni na kikokotoo karibu.