Lugha Kama Kituo cha Mwisho: Uhakiki wa Mashirika ya Kimataifa Yanayokuza Sayansi na Teknolojia Barani Afrika

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya lugha katika mipango ya mashirika ya kimataifa yanayosaidia maendeleo ya sayansi na teknolojia barani Afrika, kwa kuangazia Afrika Mashariki. Hoja yake kuu ni kwamba mashirika hayo huitambua lugha katika matamko, lakini huiweka mwishoni mwa kazi: utafiti ukishakamilika ndipo mkulima, muuguzi au diwani anapotafutiwa tafsiri. Makala inadai kwamba mpangilio huo hupunguza ubora wa sayansi na uwajibikaji wa wanaoigharamia, na kwamba wanaisimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao ya lawama.

1. Utangulizi

Mnamo Novemba 2021, Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO ulipitisha mambo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza lilikuwa Pendekezo kuhusu Sayansi Huria, linalotaka maarifa ya kisayansi yapatikane kwa lugha nyingi na yaweze kutumiwa na watu wote. La pili lilikuwa kuitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi haya yalizaliwa katika mkutano mmoja, lakini yanaishi kama ndugu wa nyumba mbili zisizotembeleana. La Kiswahili limebaki mikononi mwa walimu wa lugha, waandishi na wanadiplomasia. La sayansi huria limebaki kwa wakutubi, watafiti na wafadhili. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama Kiswahili kinachoadhimishwa Julai ndicho mojawapo ya lugha ambazo sayansi huria ilikusudia kuzifungulia mlango. Mtengano huo ndio unaohakikiwa hapa.

2. Anayegharimia ndiye anayepima

Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa mwaka 1980 ulizitaka nchi za Afrika zitenge asilimia 1 ya Pato la Taifa kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2006 mjini Khartoum, Umoja wa Afrika uliirudia ahadi hiyo. Mwaka 2014 ukaja Mkakati wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu wa Afrika hadi 2024, wenye vipaumbele sita, kuanzia kutokomeza njaa na kudhibiti magonjwa hadi kuzalisha utajiri. Nchi nyingi bado hazijaifikia asilimia hiyo. Pengo linalobaki hujazwa na mabenki ya maendeleo, wakfu na serikali za nje.

Msaada huo una matunda yasiyopaswa kubezwa. Mradi wa pili wa Vituo vya Umahiri vya Afrika, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2016 na kuratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala, uliimarisha vituo 24 katika nchi nane za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu walipata maabara na wasimamizi bila ya kulazimika kuhama bara. Hata hivyo, fedha zilifungamanishwa na matokeo, na miongoni mwa matokeo hayo ni makala katika majarida yanayotambulika kimataifa. Majarida hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mtafiti wa Mbarara au Morogoro anayeandika maelezo mazuri ya Kiswahili kwa wauguzi wa wilaya hana mahali pa kuyahesabia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika mfumo huu, mcheza kwao husamehewa tu kwa kupoteza muda.

Hapa lazima itofautishwe nia na kipimo. Hakuna shirika lililopiga marufuku Kiswahili. Lugha haikukataliwa, haikuhesabiwa. Katika taasisi zinazoendeshwa kwa viashiria, kisichohesabiwa hakitengewi fedha, na kisichotengewa fedha hufanywa kwa hisani ya mtu mmoja mmoja hadi achoke.

3. Funzo la vuta sukuma

Mfano wa kilimo unaonyesha uzito wa jambo hili. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo. Kwa kushirikiana na Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa Kenya, kituo hicho kilibuni mbinu inayojulikana kwa wakulima kama vuta sukuma. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Mabingobingo hupandwa kuzunguka shamba na kuwavuta nondo hao. Zaidi ya hayo, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kiduha ichipue na kufa kabla haijajishikiza kwenye mzizi wa mhindi.

Mbinu hii imeenea magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, na jina lake la Kiswahili ni wazi kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Pamoja na hayo, jina na miongozo ya upandaji ndivyo vilivyovuka kuingia katika lugha za wakulima. Mjadala wa kisayansi wenyewe, yaani mbinu inashindwa wapi, inadai nguvukazi kiasi gani na mavuno yalipimwaje, umebaki kwa sehemu kubwa katika majarida ya Kiingereza. Mkulima amepewa jibu bila ya kupewa hoja. Anaweza kufuata maelekezo, lakini hawezi kuyapinga kwa ushahidi, na yeye ndiye aonaye shamba kila siku. Sayansi isiyoweza kupingwa na wanaoitumia imejinyima chanzo kimojawapo cha marekebisho yake.

4. Lawama za nyumbani

Si haki kuwatwika wageni mzigo wote. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili lugha ya kuendelezwa. Jumuiya hiyo ina Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia yenye makao Kigali, na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Kugawa kazi hivyo kumewafanya wengi waamini kwamba sayansi na Kiswahili ni mafaili mawili tofauti.

Wanaisimu nao wametosheka mapema mno. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Kwa hiyo, dai kwamba Kiswahili hakina istilahi limepitwa na wakati. Kilichopungua ni matini: ripoti, tathmini na mabishano ambamo istilahi hizo zingesuguliwa hadi zikubalike au zitupwe. Istilahi isiyotumika ni kama jembe lililotundikwa ukutani.

Kuna pia hatari ya Kiswahili kurudia kosa la Kiingereza. Mkulima wa Busia upande wa Uganda huenda anafikiri kwa Lusamia kabla ya Kiswahili. Mwaka 2021 mradi wa kutafsiri makala za kisayansi 180, ulioongozwa na mtandao wa Masakhane na washirika wake, ulichagua lugha sita: isiZulu, Sotho ya Kaskazini, Kihausa, Kiyoruba, Luganda na Kiamhari. Kiswahili hakikuwamo. Badala ya kuona hilo kama tusi, watetezi wa Kiswahili wangefaa kulisoma kama ukumbusho: madai ya lugha kubwa hupata uhalali pale tu yanapowafungulia njia wenye lugha ndogo.

5. Hitimisho na mapendekezo

Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ili uamuzi huo usiishie kwenye vipaza sauti vya wakalimani, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila mkataba wa ufadhili wa utafiti katika ukanda huu uwe na fungu la bajeti la lugha tangu hatua ya kuunda maswali, si baada ya matokeo. Pili, vyuo vikuu na wafadhili wahesabu maandishi ya kisayansi ya Kiswahili yaliyopitiwa na wataalamu kama matokeo kamili. Tatu, kamisheni za Kigali na Zanzibar ziwe na mpango kazi mmoja, unaohusisha pia wataalamu wa lugha nyingine za jumuiya.

Mapendekezo haya yana gharama, na wafadhili watauliza faida yake. Jibu limo katika shamba la vuta sukuma. Fedha zimekwisha kutumika kumfikishia mkulima jibu. Kiasi kinachobaki ni kidogo kikilinganishwa na hasara ya kutosikia swali lake.