Kipimo cha Boriti: Jinsi Majengo Makuu ya Mji Mkongwe Yalivyofunikwa

Anayetembezwa Mji Mkongwe wa Unguja huonyeshwa milango kwanza: nakshi zake, vizingiti vyake, misumari yake ya shaba. Lakini anayetaka kujua mafundi waliwaza nini, na aingie ndani atazame dari. Katika mji huu, uliokuwa makao ya Sultani tangu Seyyid Said alipohama Muscat takriban mwaka 1840, kila mjenzi alikabiliwa na swali lilelile: kutoka ukuta huu hadi ule, nitafunika upana gani? Kanisa Kuu la Mkunazini na Beit al-Ajaib ni majibu mawili tofauti ya swali hilo, na kila jibu lilikuja na deni lake.

Tuanze na nyumba ya kawaida. Ukuta wake ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe hayohayo juu ya rundo la kuni, kisha huzimwa kwa maji. Hukauka polepole kwa kuvuta hewa, wala haifikii ugumu wa saruji, ndiyo maana kuta zikawa nene, nusu mita na zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mkoko, moja karibu na nyingine. Boriti hufunikwa kwa mawe, mawe yakafunikwa kwa kokoto na chokaa, na tabaka hilo hupondwa kwa magongo siku baada ya siku mpaka lishikamane. Hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa.

Mkoko ni mti mgumu unaostahimili mchwa, lakini boriti yake, ncha zikishaingia ukutani, hufunika mita 2.5 hadi 3 tu. Kutafuta mti mrefu zaidi hakusaidii sana, kwa sababu hesabu inakataa. Uzito wa sakafu kwa kila mita ukibaki uleule, ukiongeza upana mara mbili, nguvu inayoipinda boriti huongezeka mara nne. Boriti ikiwa na unene uleule, kubonyea kwake huongezeka mara kumi na sita. Na sakafu ya chokaa ni nzito.

Hapo ndipo umbo la mji lilipotoka. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa tajiri na kwa mwenye hali ya kati. Mali ilionekana kwenye wingi wa vyumba, ukubwa wa ua na nakshi za mlango, kwa kuwa fedha haikuweza kuinunulia boriti urefu. Aliyetaka ukumbi mpana alipitisha matao au nguzo katikati, jambo linaloeleza pia safu za nguzo ndani ya misikiti ya kale ya pwani. Majahazi yalichukua boriti za Rufiji na Lamu hadi Ghuba, na kipimo kikasafiri nazo: nyumba za zamani za huko nazo zina vyumba vyembamba. Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, ililikwepa tatizo kwa kuzungushia kuta uwanja ulio wazi.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na mwaka huohuo kazi ya kanisa la Kianglikana ikaanza mahali pale. Msimamizi alikuwa Edward Steere, yule mwanasarufi wa Kiswahili, aliyekuja kuwa askofu. Kuta zake ni za matumbawe kama za majirani, lakini paa halina boriti. Ni tao moja refu la zege, la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya kuagizwa. Siri yake ni kwamba katika tao zege hubanwa. Zege huvumilia sana kubanwa, na hushindwa haraka likivutwa. Kwa hiyo tao husimama bila kutegemea vyuma. Deni lake liko pembeni: tao husukuma kuta kwenda nje, kama miguu ya ngazi inayotaka kuteleza, hivyo kuta lazima ziwe nzito. Tena mgongo wake wa mviringo hauwi sakafu ya kukalisha watu. Kwa kanisa linafaa. Kwa jumba la ghorofa halifai.

Sultani Barghash alitaka jumba la ghorofa. Beit al-Ajaib ilipokamilika mwaka 1883 ilikuwa na kumbi ambazo boriti isingeweza kuzifunika, na varanda pana kuizunguka. Sakafu ziliwekwa kwa zege juu ya mihimili ya chuma, na varanda zikabebwa na nguzo nyembamba za chuma kutoka ng'ambo. Chuma huvumilia kubanwa na kuvutwa, hivyo mhimili mmoja hufika mbali bila kuhitaji tao wala ukuta mnene. Mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 yaliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, lakini jumba hili likabaki. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara wa saa ukaongezwa mbele yake.

Deni la chuma ni kutu. Maji yakipenya paa yakafika kwenye mhimili uliozungukwa na zege, katika hewa ya chumvi, kutu huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Ufa huo hukaribisha maji mengine. Mwaka 2012 sehemu ya varanda ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa.

Linganisha namna mbili za kuchakaa. Boriti moja ikioza, fundi huegemeza dari, huitoa na kuweka nyingine, na jirani zake huendelea kubeba. Mihimili ya chuma ni michache, kila mmoja hubeba eneo kubwa, na ugonjwa wake umefichwa ndani ya zege. Upana ulionunuliwa mwaka 1883 ulitakiwa kulipiwa kwa ukaguzi wa kila msimu wa mvua, na katika mji wa kisiwa chenye masika na vuli, hilo maana yake ni paa, mifereji na mabomba kabla ya rangi na nakshi.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wanaoijenga upya Beit al-Ajaib si kama itafanana na picha za zamani. Kufanana ni rahisi. Swali ni maji ya mvua yatashukia wapi, na nani atapanda kuangalia.