Ukuta Uliopakwa Weusi: Sanaa na Kodi ya Nyumba Jijini Berlin

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mtaa wa Kreuzberg, jijini Berlin, methali hiyo ilipinduka. Wageni walikuja kwa wingi, wakavutiwa na michoro mikubwa ya ukutani, na wenyeji wakapandishiwa kodi hadi wengi wao wakashindwa kubaki. Makala haya yanahakiki michoro miwili iliyokuwepo katika barabara ya Cuvry, pamoja na rangi nyeusi iliyoifuta usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 2014. Hoja inayojengwa ni kwamba rangi hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, tena ndiyo sehemu iliyolieleza suala la makazi kwa uwazi zaidi. Hata hivyo, kazi nzima ina upungufu ambao mhakiki hana budi kuutaja.

Ili kuifahamu kazi hii, ni lazima kwanza kuufahamu mtaa. Tangu mwaka 1961 hadi 1989, Kreuzberg ulikuwa ukingoni mwa Berlin Magharibi, ukiwa umebanwa na Ukuta uliougawa mji. Watu wenye uwezo hawakuutamani. Kodi ikawa nafuu, na mtaa ukajaa wafanyakazi waliotoka Uturuki, wanafunzi, wasanii na watu waliohamia katika majumba yaliyoachwa matupu. Ukuta ulipoanguka, pembezoni pakawa katikati ya mji. Ikumbukwe pia kuwa Berlin ni mji wa wapangaji: zaidi ya asilimia 80 ya nyumba zake ni za kupanga. Mwaka 2004 serikali ya jiji, ikiwa imeelemewa na madeni, iliwauzia wawekezaji binafsi shirika lake la nyumba la GSW, lenye nyumba zipatazo 65,000. Katika mji wa namna hiyo, kodi inapopanda huigusa karibu kila familia.

Mchoraji ni Mtaliano anayejulikana kwa jina moja tu la Blu, msanii anayeificha sura yake. Mchoro wa kwanza aliuchora mwaka 2007 kwa kushirikiana na Mfaransa JR, na wa pili mwaka 2008. Yote miwili ilijaza mbavu za nyumba zisizokuwa na madirisha, zilizoelekea kiwanja kitupu kando ya mto Spree. Katika mchoro wa kwanza walionekana watu wawili weupe wenye vinyago, mmoja kichwa chini miguu juu, kila mmoja akinyoosha mkono kumvua mwenziwe kinyago, huku vidole vikifanya alama za Mashariki na Magharibi. Katika wa pili alionekana mwanamume asiye na kichwa, aliyevaa shati na tai, akiitengeneza tai yake. Kila mkono ulikuwa na saa ya dhahabu, na saa hizo mbili ziliunganishwa kwa mnyororo.

Taswira ya pili ndiyo nzito zaidi. Saa ni pambo la tajiri, lakini hapa imekuwa pingu. Msanii angeweza kumchora mwenye nyumba mnene akimfukuza mpangaji, na watazamaji wangecheka na kupita. Yeye alimchora mfungwa anayejipamba: mikono imefungwa, na kazi inayoifanya ni kunyoosha tai. Kukosa kichwa kunamwondolea mtu huyo jina na sura, hata mtazamaji asiweze kumlaumu mtu mmoja na kuridhika. Kwa mpangaji, saa ina maana nyingine iliyo karibu zaidi, kwani kodi hulipwa kwa saa za kazi, na kila inapopanda siku ya mpangaji hufupika. Hili ni fumbo la aina inayofahamika vyema Pwani, ambako kanga husema hadharani neno ambalo mvaaji hatalitamka kwa kinywa chake.

Lakini fumbo lina hatari yake: anayesemwa anaweza kulivaa kama pambo. Ndivyo ilivyotokea. Michoro ilichapishwa katika kadi za posta na vitabu vya watalii, na wageni wakawa wanaongozwa kwenda kupiga picha mbele yake. Chini yake, kiwanjani, palikuwa na vibanda na mahema ya watu wasiokuwa na makazi. Septemba 2014, baada ya moto kuzuka, watu hao waliondolewa, wakati kiwanja kikisubiri kujengwa. Sifa ya kuwa mtaa wa wasanii ilikwishakuwa sehemu ya thamani ya ardhi. Mchoro uliokusudiwa kuukejeli ulafi ukawa dalali wake, tena dalali asiyelipwa.

Hapo ndipo Lutz Henke, mmoja wa waliosimamia uchoraji huo, alipoifuta michoro pamoja na wenzake kwa ridhaa ya Blu, akaeleza sababu zake mwezi huohuo katika gazeti la Guardian la Uingereza. Mshairi wa Kiswahili anajua kuwa ubeti hukamilishwa na kituo. Mshororo wa mwisho hufunga maana, na mara nyingi humrudisha msomaji katika mishororo ya juu ili aisome upya. Rangi nyeusi ilifanya kazi hiyo. Michoro ilipokuwepo ilizungumza juu ya pesa. Ilipofutwa, kila mpita njia aliona kwa macho yake namna kitu kilichozoeleka mtaani kinavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja, kama anavyotoweka jirani aliyeshindwa kodi. Wala haikuwa hasira ya kupita. Machi 2016 Blu alizifuta kwa rangi ya kijivu kazi zake katika kuta za Bologna, akipinga maonyesho yaliyoingiza ndani ya jumba michoro iliyobanduliwa mitaani.

Sifa hiyo isimfumbe macho mhakiki. Kwanza, uamuzi ulikuwa wa wasanii, ilhali picha iliyotazamwa kila asubuhi kwa miaka sita au saba ilikwishakuwa ya mtaa pia. Pili, huruma ilikwenda pasipostahiki. Michoro ilililiwa na watu wa nchi nyingi; watu walioondolewa kiwanjani miezi mitatu kabla hawakuliliwa kiasi hicho. Nao hawamo katika taswira. Mchoro wa kwanza una wapinzani wawili, wa pili una mwenye saa za dhahabu. Asiye na saa hakuchorwa. Huu ndio upungufu mkubwa wa kazi hii, na rangi nyeusi haikuuziba.

Wala kufuta hakukushusha kodi. Mpango wa nyumba za makazi katika kiwanja kile uliachwa, pakajengwa ofisi. Mapambano yalihamia katika sheria. Februari 2020 Berlin iliweka sheria ya kuzuia kodi isipande. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaibatilisha, kwa kuwa jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Septemba mwaka huohuo zaidi ya nusu ya waliopiga kura ya maoni waliunga mkono kutaifishwa kwa nyumba za makampuni yanayomiliki zaidi ya nyumba 3,000, ingawa kura hiyo haikuifunga serikali. Sanaa haidaiwi ifanye kazi ya bunge. Inadaiwa, angalau, isimtumikie yule inayempinga.

Msomaji wa visiwani hatauona mjadala huu kuwa wa mbali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba zake nyingi zimegeuzwa hoteli. Mji wenye milango ya nakshi na mabaraza umesifiwa na washairi, na ni halali kuusifu. Lakini utenzi wa sifa, kama ulivyokuwa mchoro wa Kreuzberg, unaweza kutumika kumvutia mgeni wakati aliyezaliwa nyuma ya mlango huo anatafuta chumba cha kupanga mbali na mjini. Tena mshairi hana rangi nyeusi. Shairi likishahifadhiwa vifuani mwa watu halifutiki. Tahadhari yake basi inabidi itangulie: ajiulize tangu mshororo wa kwanza ni nani anayeishi ndani ya nyumba anayoisifu, na kama mtu huyo ametajwa katika beti zake.